Nani Atambeba Mtoto Wakati Dada Yake Anaruka Kamba?

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa miongoni mwa watu wanaojitolea kuandaa siku za michezo kwa watoto wanaoishi katika mazingira magumu, na kila ninapoulizwa faida ya kazi hii ni ipi hasa, kumbukumbu inayonijia kwanza ni ya msichana mmoja wa miaka tisa au kumi hivi, aliyesimama pembeni ya kiwanja kwa zaidi ya saa nzima akiwa amembeba mdogo wake mgongoni, huku akiwatazama wenzake wakiruka kamba. Nilimwona mapema. Nikadhani anawaonea watu haya, nikamwita mara mbili aje ajiunge, naye mara zote mbili akatikisa kichwa kwa adabu na kuendelea kutazama. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hakuwa na haya hata kidogo; alikuwa kazini.

Mama mmoja mtu mzima tuliyekuwa naye siku ile ndiye aliyeona nilichoshindwa kukiona. Alimwendea taratibu, akamchekea yule mdogo kwanza, kisha akamwambia dada mtu, "Nipe mjukuu wangu nimshike kidogo, wewe nenda." Msichana akajibu, "Atalia, bibi." Mama akasema, "Akilia nitakuita." Basi ile nguo ikafunguliwa, mtoto akahama mgongo, na msichana akaenda hadi ilipokuwa kamba. Aligeuka nyuma mara tatu kuhakikisha mdogo wake hajalia. Alijisugua mabega kama mtu aliyetua mzigo ambaye bado anausikia uzito wake. Alisimama kando ya kamba akiyumba mbele na nyuma, akiisikiliza inavyopiga chini, kama wafanyavyo watoto wote duniani kabla ya kuingia, na alipoingia ikamnasa mguu. Akarudia, ikamnasa tena. Mara ya tatu alipata mdundo, na nikahesabu miruko ishirini na mitatu. Hakuwa akitabasamu, uso wake ulikuwa makini kabisa, kama wa mtu anayefanya jambo zito ambalo hataki likatizwe. Alipotoka, jambo la kwanza alilolisema, akihema, lilikuwa kuwaagiza wazungushaji waongeze kasi.

Nimeanza na mtoto huyu kwa sababu alinifundisha kwamba umaskini haumnyimi mtoto vitu vya kuchezea peke yake. Vitu hivyo mtoto atajitengenezea. Mpe matambara na uzi, kesho utakuta mpira. Kinachopotea, ambacho mtoto hawezi kujitengenezea hata awe hodari namna gani, ni muda ambao hakuna anayemdai kitu, mahali ambapo hakuna atakayemfukuza, na mtu mzima aliye tayari kumwambia "nenda" na kubaki ameshika mzigo wake. Siku ya michezo inayoandaliwa na jamii, ikiandaliwa vizuri, humrudishia mtoto vitu hivyo vitatu kwa wakati mmoja, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo thamani yake hasa.

Najua kwamba lugha yetu yenyewe haikisaidii sana kitu hiki ninachokitetea. Tukitaka kusema jambo ni zito, tunasema si mchezo. Mtu anayezembea tunamwambia anachezea kazi, na anayepoteza nafasi nzuri tunasema amechezea bahati yake. Mtoto anayecheza huitwa mara moja akitakiwa kutumwa, kwa kuwa tunahesabu kwamba hakuna alichokuwa akikifanya. Nimekulia katika usemi huo na bado ninautumia, lakini nikiwa kiwanjani hunijia kwamba mtoto niliyemwona akihesabu miruko yake alikuwa akifanya kazi kubwa kuliko mimi niliyesimama na orodha ya majina mkononi.

Sheria za kimataifa zimelitambua jambo hili kwa muda mrefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, unatamka katika Ibara ya 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika, kuwa na wakati wa kujiburudisha, na kucheza kulingana na umri wake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema vivyo hivyo katika Ibara ya 12. Mwaka 2013 Kamati ya Haki za Mtoto ilitoa Maoni ya Jumla Namba 17 kuieleza Ibara ya 31, ikataja waziwazi makundi ya watoto ambao haki hii huwapita kando, wakiwemo wasichana wanaobebeshwa kazi za nyumbani na ulezi wa wadogo zao, watoto wa familia maskini, watoto wenye ulemavu na wale wanaolelewa katika makao. Nilipoisoma sehemu inayohusu wasichana nilimkumbuka yule wa kamba, na nikaona aibu kwamba wataalamu walioketi mbali walikuwa wamemwona kabla yangu mimi niliyekuwa hatua kumi kutoka kwake. Mwezi Machi 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 11 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Kucheza, na wanaotafuta tarehe ya kufanyia shughuli yao ya kwanza wanaweza kuanzia hapo.

Maoni hayo ya mwaka 2013 yana jambo jingine ambalo ningependa kila mwandaaji alisome kabla hajakodi kipaza sauti. Yanaeleza kuwa kucheza ni mwenendo ambao watoto wenyewe huuanzisha, huuongoza na huupanga. Maana yake ni kwamba ratiba iliyojaa kuanzia asubuhi hadi jioni, ambamo kila dakika kuna mtu mzima anayepuliza filimbi na kuwaambia watoto wapange mstari, inaweza kuwa tamasha zuri la michezo ilhali mtoto hakucheza hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili kwa nguvu ya kiasi hadi ya juu, na mtoto anayechota maji mbali au anayebeba mizigo huenda anazipita dakika hizo kabla jua halijawaka. Mwili wake umeshughulika vya kutosha. Alichokikosa ni uamuzi. Hakuchagua aende wapi, hakuchagua asimame lini, wala hakuweza kubadilisha kanuni katikati ya safari kwa sababu ameona njia inayofurahisha zaidi.

Kuhusu kinachotokea ndani ya mtoto anapocheza, nitasema machache ninayoyajua, maana mimi si mtaalamu wa saikolojia. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, alieleza katika mhadhara wake wa mwaka 1933 kwamba katika mchezo mtoto huenenda kwa namna inayoupita umri wake, kana kwamba amejizidi kimo kwa kichwa kizima. Nimeliona hilo mara nyingi mno. Mtoto ambaye darasani hawezi kungoja zamu yake kwa dakika moja, hungoja zamu ya kamba kwa dakika kumi na kuwasimamia wengine wasidanganye. Aliyezoea kunyamaza nyumbani huwa hakimu wa mabishano kuhusu kama mpira umevuka mstari au la. Mtoto anayeishi na wasiwasi wa kila siku, wa kodi isiyolipwa au wa ugomvi wa wakubwa usiku, mwili wake huzoea kukaa katika hali ya tahadhari. Na kukimbizana, kule kuogopa kwa furaha huku ukijua kuwa atakayekushika hatakuumiza, humzoeza mwili huohuo kupanda na kushuka, kushtuka na kutulia, mara kumi ndani ya nusu saa.

Utafiti ninaourudia mara nyingi zaidi ni ule wa Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, watafiti waliwachukua watoto 129 wa umri wa miezi 9 hadi 24 waliokuwa wamedumaa, na kwa baadhi yao wahudumu wa afya ya jamii wakawa wanafika nyumbani mara moja kwa wiki, kwa muda wa saa moja, kwa miaka miwili, wakimwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe. Vifaa vilikuwa vya kujitengenezea kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Miaka 20 baadaye watoto hao, ambao sasa walikuwa watu wazima, walikutwa wakipata kipato kinachozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao waliodumaa kama wao lakini hawakutembelewa, na walikuwa wamewafikia wale ambao hawakuwahi kudumaa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Sitaki msomaji adhani kwamba ninasema bonanza la siku moja litaleta matokeo hayo. Ule ulikuwa mpango wa miaka miwili, nyumba kwa nyumba, kwa watoto wadogo sana. Ninachokichukua kutoka Jamaika ni mambo mawili: kwamba mchezo wa kawaida, kwa vifaa visivyo na gharama, unaweza kubadilisha maisha ya mtoto maskini, na kwamba njia yake ilipitia kwa mzazi. Siku zetu za michezo zilianza kuwa na maana zaidi tulipoacha kuwaweka wazazi kwenye viti vya watazamaji.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya kupeleka boksi la vinyago kwenye nyumba ya mtoto na kuikusanya jamii mahali pamoja. Mkono mmoja haulei mwana, wahenga walisema, lakini mikono mingine inawezaje kumlea mwana ambaye haijawahi kumwona akiwa na furaha? Watoto wa familia zenye dhiki huonekana na majirani katika nyakati mbaya tu: wanapoomba, wanapotumwa kukopa, wanaporudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa mahitaji, wanapotajwa katika kikao kinachojadili vibaka. Kiwanjani wanaonekana kwa namna nyingine. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa na ugomvi wa muda mrefu na kundi la wavulana waliokuwa wakipita karibu na ukuta wake. Siku ya michezo aliombwa ashike upande mmoja wa kamba ya kuvutana, upande wa wavulana walewale, na alivuta hadi viatu vikamtoka. Ugomvi haukwisha siku ile, ila tangu hapo aliwaita kwa majina yao, na mtoto anayejulikana jina ni mtoto anayeweza kuulizwa kwa nini hajaonekana siku tatu.

Hili la kuonekana lina hatari yake pia, na hapa sina budi kusema makosa tuliyoyafanya. Shughuli ya kwanza kabisa niliyoshiriki ilifadhiliwa na watu wenye nia njema ambao sitawataja. Watoto waliotoka familia maskini walipewa fulana za rangi moja, zenye maandishi makubwa kifuani yaliyoeleza wao ni akina nani, na wengine wote wakavaa nguo zao. Kulikuwa na hotuba tano. Watoto walikaa juani wakisikiliza jinsi walivyo na bahati, kisha wakapangwa mstari mrefu wa kupokea zawadi mmoja mmoja, kila mmoja akisimamishwa kupigwa picha akiwa ameshika mfuko. Zawadi zikawaishia watoto thelathini wa mwisho. Nilimwona mvulana mmoja akiivua ile fulana na kuikunja ndani ya mfuko wake mara tu gari la wageni lilipoondoka, akabaki kifua wazi, kwa sababu kifua wazi kilikuwa na heshima zaidi kuliko maandishi yale. Muda wa kucheza uliobaki ulikuwa kama dakika arobaini.

Kutokana na siku ile tulikubaliana mambo ambayo tumejitahidi kuyashika hata pale yalipotukosesha wafadhili. Mwaliko huwa wa watoto wote wa eneo, mwenye nacho na asiye nacho, na wanaohitaji kufuatwa hufuatwa kimyakimya na mtu wanayemfahamu. Hakuna vazi wala kadi inayomtenganisha mmoja na mwingine. Hotuba ni moja, ya kukaribisha, na haizidi dakika tatu, tena hutolewa wakati michezo imekwisha kuanza ili asiyetaka kusikiliza aendelee kucheza. Picha hazipigwi bila ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, wala haipigwi picha yoyote ya mtoto anayepokea kitu. Chakula kikiwepo huliwa na wote kwa pamoja. Wapo wanaoona masharti haya ni ya ukali usio na sababu, kwa kuwa mfadhili naye anahitaji kuonyesha fedha zake zilikokwenda. Ninawaelewa, na huwa tunamwalika mfadhili aje kucheza. Anayekubali huondoka na ushahidi wa kutosha.

Swali ninaloliheshimu zaidi ni lile la mzazi mwenye njaa, au la mtu anayemwonea huruma mzazi mwenye njaa: kwa nini tusitumie nguvu hizi kutafuta chakula, dawa na ada kwanza, ndipo tuje kwenye mchezo? Silijibu kwa haraka, kwa sababu ni kweli kwamba mtoto mwenye njaa hachezi vizuri. Lakini huwa nakumbuka kisa ambacho Johann Olav Koss, mwanamichezo wa Norway wa kuteleza kwenye barafu, amekisimulia kwa miaka mingi. Kabla ya michezo ya Olimpiki ya Lillehammer ya mwaka 1994, alikoshinda medali tatu za dhahabu, alitembelea Eritrea, nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka vitani, akakuta kundi la wavulana ambao mmoja wao alipendwa kuliko wote. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba mvulana yule ana shati la mikono mirefu, na shati hilo likivuliwa na kukunjwa na mikono ikafungwa, linakuwa mpira. Koss baadaye aliongoza juhudi za kupeleka vifaa vya michezo huko, na mwaka 2000 akaanzisha shirika la Right To Play. Wale wavulana hawakuwa wameshiba ndipo wakakumbuka mpira. Walikuwa na shida zote tunazoziorodhesha, na bado katikati ya shida hizo shati lilikuwa mpira kwanza, vazi baadaye. Tunapomwambia mtoto asubiri shida ziishe ndipo acheze, tunamwomba asubiri hadi utoto wake uwe umekwisha.

Vilevile ni kweli kwamba kiwanja huwa mlango wa mahitaji hayo mengine. Muuguzi akikaa chini ya kivuli pembeni ya mchezo, mama atamletea mtoto ambaye asingempeleka kituoni. Tumewahi kugundua kiwanjani kwamba mtoto aliyekuwa akiitwa mkaidi hasikii vizuri sikio moja; aligundulika katika mchezo wa kujificha na kutafutana, kwa sababu kila alipoitwa aligeukia upande usio sahihi. Hata hivyo nasita kuutetea mchezo kwa faida za pembeni peke yake, maana tukifanya hivyo siku zote, kuna siku mchezo utaondolewa na dawati la muuguzi libaki, nasi tutaambiwa lengo limetimia.

Kuhusu vifaa, ningependa kuwatoa hofu wanaodhani wanahitaji bembea za chuma na majumba ya kurukia yanayojazwa upepo. Mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya uvamizi wa Ujerumani, katika kitongoji cha Emdrup pembezoni mwa Copenhagen kilifunguliwa kiwanja cha kuchezea ambacho ndani yake hakukuwa na bembea iliyojengwa tayari. Kulikuwa na mbao, matofali, magurudumu, udongo na zana za mikono. Wazo lilikuwa la mbunifu wa bustani Carl Theodor Sørensen, ambaye alikuwa ameona kwamba watoto huviacha viwanja vilivyopambwa na kwenda kucheza mahali penye ujenzi na mabaki. Baada ya vita Lady Allen wa Hurtwood, mbunifu wa bustani wa Uingereza, alikitembelea kiwanja hicho na kulipeleka wazo hilo nchini kwake, ambako viwanja vya namna hiyo vilianzishwa hata kwenye maeneo yaliyobomolewa na mabomu. Mwaka 1971 Simon Nicholson, aliyekuwa msanii, akaeleza kwa maandishi jambo ambalo kila mama analijua: kadiri mahali panavyokuwa na vitu vingi vinavyoweza kuhamishwa, kuunganishwa na kugeuzwa, ndivyo watu wanavyoweza kubuni zaidi. Maboksi makubwa ya karatasi ngumu, matairi yaliyosuguliwa na kukaguliwa yasiwe na nyaya zilizochomoza, kamba, shuka kuukuu, mabomba mafupi ya plastiki, mchanga na ndoo za maji vinatosha watoto mia moja kwa siku nzima. Mara ya mwisho tulipoweka maboksi, nilitazama nikadhani watajenga nyumba. Walijenga ofisi. Mmoja akawa karani, wengine wakapanga foleni mbele ya dirisha alilolikata, na kila aliyefika aliambiwa arudi kesho. Wazazi waliokuwa karibu walitazamana kimya, kisha mama mmoja akaingia kwenye foleni ile akaomba ahudumiwe, naye karani, baada ya kumtazama kwa muda, akampa jani lililopigwa muhuri kwa kifundo cha ngumi.

Watoto wenye ulemavu ndio waliotutaka tufikiri upya zaidi ya wote, kwa kuwa kwa miaka ya mwanzo tuliwaandalia kona yao na kujisifu kwamba tumewakumbuka. Kona ni pembeni, hata ukiipamba. Upo mchezo wa goalball, uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza uoni vitani na ambao umo katika Paralimpiki tangu 1976, unaochezwa kwa mpira wenye kengele ndani, wachezaji wote wakiwa wamefunikwa macho. Hatukuwa na mpira wa namna hiyo. Tuliufunga mpira wa kawaida ndani ya mfuko wa plastiki unaochakarika, tukawafunga vitambaa machoni watoto wote waliotaka kucheza, na kwa mara ya kwanza mvulana asiyeona ndiye aliyekuwa fundi na wenzake wanafunzi. Kilichonigusa zaidi kilitokea baadaye, vitambaa vilipokwisha kufunguliwa: walikuja kumuuliza anajuaje mpira uko wapi kabla haujafika, naye akawaketisha chini awaeleze, wakaketi.

Usalama ni jambo ambalo sitalirefusha ingawa ndilo linaloninyima usingizi usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kila mtu mzima anayeshughulika na watoto sharti ajulikane na athibitishwe mapema na wahusika wa ustawi wa jamii, asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, na watoto waelezwe tangu mwanzo ni nani wa kumwendea wakiona jambo lisilowapendeza. Kiwanja kikaguliwe kwa miguu, hatua kwa hatua, kutafuta vigae na misumari. Huduma ya kwanza, maji, kivuli na vyoo viwepo. Goti litachubuka, hilo halizuiliki na wala silioni kuwa ajali, mradi tu liwepo la kulisafishia na mtu wa kusema pole bila kumkataza mtoto asirudi.

Kinachonisumbua ni kesho yake. Siku ya michezo huisha, mapambo hukunjwa, na mtoto aliyeonja muda wake mwenyewe hurudi palepale alipokuwa. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba ni afadhali tusimpe kabisa kuliko kumpa mara moja kwa mwaka, na ingawa sikubaliani, najua maneno hayo yanatoka wapi. Ndiyo maana tuliacha kufanya shughuli moja kubwa na badala yake tukaanza kufanya ndogo, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kwa saa tatu, bila turubai wala wageni rasmi. Waliokuwa wakija mia nne mara moja sasa huja sitini au sabini mara kumi na mbili, na wengi ni walewale. Wazazi huenda kwa zamu. Iko zamu ya kutandika mkeka chini ya mti kwa ajili ya watoto wadogo wanaobebwa, na hiyo haiachwi wazi hata kama nyingine zote zitakosa watu, kwa sababu mkeka huo ndio unaowafungulia wasichana kiwanja. Ulipotandikwa mara ya kwanza, idadi ya wasichana waliocheza ilikaribiana na ya wavulana, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwetu.

Kiwanja chenyewe si chetu. Ni eneo la wazi ambalo hakuna hati inayosema ni la watoto, na kila mara huja mtu akiwa na kamba ya kupimia. Tumeandika barua kwa wanaohusika kuomba litengwe rasmi, tukaambatanisha picha waliyoichora watoto wenyewe inayoonyesha wanapokimbilia, wanapojificha na wanapopumzikia. Barua ya tatu imepokelewa mwezi huu na tumeambiwa tusubiri.

Wakati tunasubiri, yule mama aliyempokea mtoto siku ya kamba amekubali boksi la vifaa likae kwake, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyo karibu zaidi na kiwanja. Ndani yake mna kamba sita, mipira miwili, chaki na ile mifuko ya plastiki. Ananiambia kwamba siku za shule hugongewa mlango kuanzia saa kumi jioni, na kwamba hamwandiki mtu anayechukua kitu. Humuuliza tu jina lake, na kama amekuja na mdogo wake mgongoni humwambia amwache.